Wenzo, Udongo na Mvua: Sayansi ya Nyumba Bora katika Uwanda wa Makonde

Utangulizi

Katika lugha ya sayansi, mashine ni chombo chochote kinachobadili ukubwa au mwelekeo wa kani ili kazi ifanyike kwa wepesi zaidi. Kwa maana hiyo, jembe la mkono ni mashine, kapi la kisimani ni mashine, na pampu ya dizeli nayo ni mashine. Kinachozitofautisha ni kazi zinazofanya na mahitaji yake: moja yahitaji mkono tu, nyingine yahitaji mafuta, vipuri na fundi.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa tunapozungumzia umaskini na makazi. Umoja wa Mataifa umekadiria kwamba zaidi ya watu bilioni 1 duniani wanaishi katika makazi duni ya mijini, na hapo hawajahesabiwa wanavijiji wengi ambao nyumba zao huvuja kila masika na kuliwa na mchwa kila kiangazi. Watu wengi hutumaini kwamba mashine zitaiondoa hali hiyo. Je, tumaini hilo lina msingi?

Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kuuchunguza mfano mmoja ulio karibu nasi, yaani nchi ya Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania. Tutatazama kwanza yaliyotokea huko mashine zilipoletwa, kisha tutafuata, hatua kwa hatua, jinsi mashine ndogo ya mkono inavyoweza kuleta nyumba bora mahali ambapo maji ni adimu. Mwalimu wa fizikia, wa kemia au wa jiografia atapata humo mazoezi ya kutumia darasani.

Mafunzo matatu ya historia

Funzo la kwanza ni la mpango wa karanga, ulioanzishwa na Serikali ya Uingereza katika Tanganyika mwaka 1947. Sehemu zilizochaguliwa zilikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, ambayo ni jirani ya Masasi. Matrekta na matingatinga yaliletwa kwa meli, mengine yakiwa ni vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa vyombo vya kulimia. Reli ikajengwa kutoka pwani ya kusini hadi Nachingwea. Lakini huko Kongwa udongo ulikauka wakati wa kiangazi ukawa mgumu mno, na chembe zake kali zikasaga makali ya majembe ya matrekta. Mvua nazo hazikuja kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na reli ile ikafungwa katika miaka ya 1960. Mashine zilikuwa na nguvu za kutosha; kilichokosekana ni kupima udongo na mvua kabla ya kuziagiza.

Funzo la pili ni la viwanda vya kubangua korosho. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilijenga viwanda 12 vya aina hiyo, na Masasi na Newala ni miongoni mwa mahali vilipojengwa. Wakati vinajengwa, mavuno yenyewe yalikuwa yanaporomoka: kutoka tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74 hadi tani zipatazo 16,500 tu msimu wa 1986/87. Sababu zilikuwa kadhaa. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo. Na ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwa umeenea. Viwanda vingi vilisimama. Mashine ya kubangua, hata ikiwa nzuri namna gani, haiwezi kubangua korosho ambayo haikuvunwa.

Funzo la tatu ni la faraja. Watafiti wa Kituo cha Kilimo cha Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, walichunguza ubwiriunga na kuona kuwa ni ukungu unaoshambulia maua na machipukizi ya mkorosho, na kwamba unaweza kuzuiliwa kwa vumbi la salfa linalopulizwa mtini kwa wakati unaofaa. Chombo kilichohitajika kilikuwa mashine ya kupulizia inayobebwa mgongoni. Tangu miaka ya 1980 njia hiyo ilienea vijijini, na pamoja na mabadiliko ya biashara ya korosho, mavuno yalipanda tena na kupita tani 100,000 kufikia mwisho wa miaka ya 1990. Hapa mashine ndogo ilifaulu kwa kuwa ilitanguliwa na swali lililoulizwa vizuri.

Tuchukue basi njia hiyo ya tatu, tuitumie katika suala la nyumba.

Uwanda usioshika maji

Uwanda wa Makonde umeinuka kati ya Mto Lukuledi upande wa kaskazini na Mto Ruvuma upande wa kusini. Newala imekaa ukingoni mwake, upande wa magharibi, kwenye kimo cha zaidi ya meta 600 juu ya usawa wa bahari. Ukisimama hapo waliona bonde la Ruvuma chini. Masasi iko chini ya uwanda, katika nchi ya vilima vya mawe magumu vilivyosimama kimoja kimoja.

Mvua ya Newala si haba. Kwa mwaka hukaribia milimita 1,000, ikinyesha hasa kati ya Novemba au Desemba na Aprili au Mei. Hata hivyo juu ya uwanda hakuna mito wala vijito vya kudumu. Sababu yake ni udongo: tabaka nene la mchanga mwekundu hunywa mvua upesi, na maji hushuka chini sana, yakatokea tena katika chemchemi za mabondeni. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyekaa Masasi na Newala mwaka 1906, alishuhudia jinsi maji yalivyochotwa mbali na vijiji vya uwandani. Katika miaka ya 1950 ulijengwa mradi mkubwa wa kuyavuta maji kutoka visima vya bondeni na kuyapandisha juu kwa pampu. Mradi huo umekuwa msaada mkubwa, lakini una sharti gumu la kifizikia.

Sharti lenyewe ni hili. Kuinua lita 1 ya maji, yenye tungamo la kilogramu 1, kwa kimo cha meta 300 kwahitaji nishati ya jouli 3,000 hivi, hata kabla ya kuhesabu msuguano katika mabomba na hasara katika injini. Nishati hiyo lazima inunuliwe kila siku, kwa kila lita. Siku mafuta au umeme unapokosekana, au kipuri kinapovunjika, mabomba hukauka na ndoo hurudi vichwani mwa akina mama na wasichana. Mvua, kwa upande wake, hufika juu ya uwanda bila pampu. Jua limekwisha ifanya kazi ya kuyainua maji hayo kutoka baharini. Linalobaki ni kuyadaka kabla mchanga haujayanywa.

Nyumba na paa lake

Nyumba ya kawaida ya uwanda huu tangu zamani ni ya miti na udongo. Nguzo husimikwa, fito hufungwa, paa huezekwa kwa nyasi, kisha kuta hukandikwa. Ni nyumba yenye sifa zake: vifaa vyake hupatikana karibu, fundi wake ni mwenyeji, na ndani yake huwa na ubaridi wakati wa jua kali. Lakini ina maadui wawili. Mchwa hula miti kuanzia ardhini, na mvua huozesha nyasi na kuumomonyoa udongo chini ya kuta. Kwa hiyo mwenye nyumba hulazimika kukarabati mara kwa mara, na baada ya miaka kadhaa hujenga upya. Siku zinazotumika katika kazi hiyo ni siku zinazokosekana shambani. Hivyo ndivyo nyumba duni inavyouzaa umaskini, wala si umaskini tu unaoizaa nyumba duni.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana upesi. Paa la nyasi haliwezi kutupatia maji safi ya kutumia. Maji yake huchelewa kutiririka, huwa na rangi na uchafu. Paa la bati humwaga karibu maji yote yanayoliangukia. Kwa hiyo mahali kama Newala bati ni kisima pia, na mwenye nyumba anayelitazama kama kinga ya mvua pekee amelipia vitu viwili akapata kimoja.

Sasa linatokea tatizo ambalo ndilo kiini cha makala haya. Nyumba ya kudumu yahitaji matofali. Matofali ya kuchoma yahitaji mfinyanzi mzuri na kuni nyingi, na kuni zikikatwa bila kupandwa nyingine misitu hupungua. Matofali ya udongo na saruji hayahitaji kuni, lakini yahitaji maji, na maji ndiyo hasa yasiyokuwapo. Je, tutayapataje maji ya kujengea nyumba itakayotupatia maji?

Kuuchunguza udongo

Kabla ya kulijibu swali hilo, tuujue udongo wetu. Udongo ufaao kwa tofali la kushindiliwa ni mchanganyiko wa mchanga na mfinyanzi. Mchanga ni mifupa ya tofali. Mfinyanzi ni gundi inayolishika kabla saruji haijakomaa. Mchanga ukizidi, tofali hubomoka linapotolewa katika mashine. Mfinyanzi ukizidi, tofali husinyaa na kupasuka. Kadirio zuri ni sehemu tatu za mchanga kwa sehemu moja ya mfinyanzi na tope laini.

Jaribio la kwanza ni la chupa. Jaza udongo mpaka theluthi ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ongeza maji na chumvi kidogo, funga, tikisa kwa nguvu, kisha iweke mezani bila kuigusa. Mchanga hutua chini katika muda wa dakika moja hivi. Tope laini hufuata. Mfinyanzi, ambao chembe zake ni ndogo mno, huchukua saa nyingi. Kesho yake pima unene wa kila tabaka kwa rula na utafute uwiano.

Jaribio la pili ni la kusinyaa. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimeta 60, upana wa sentimeta 4 na kina cha sentimeta 4. Kipake mafuta ndani, kijaze udongo uliolowa vizuri, ushindilie, uuache ukauke kivulini kwa siku saba. Kisha sukuma udongo wote upande mmoja na upime pengo. Pengo lisilozidi sentimeta 1.3 laonyesha kwamba sehemu 1 ya saruji yatosha kwa sehemu 18 za udongo. Likifika sentimeta 2.5, tumia 1 kwa 16. Likifika sentimeta 4, tumia 1 kwa 14. Likizidi sentimeta 5, udongo huo haufai mpaka uongezewe mchanga.

Majaribio haya yasipuuzwe. Udongo wa uwandani aghalabu una mchanga mwingi, na huenda ukahitaji kuongezewa udongo wa kichuguu, ambao mchwa wameujaza mfinyanzi. Udongo mweusi wa mbugani, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, usitumike. Vijiji viwili vilivyo jirani vyaweza kuwa na udongo tofauti, na chupa moja ya maji hulitambua jambo hilo kwa bei ndogo kuliko ukuta ulioanguka.

Wenzo unaogeuza udongo kuwa jiwe

Katikati ya miaka ya 1950 mhandisi Raúl Ramírez, akifanya kazi katika kituo cha makazi cha nchi za Amerika mjini Bogotá, Kolombia, alibuni mashine ya mkono ya kushindilia matofali iliyokuja kujulikana kwa jina la CINVA-Ram. Ni sanduku la chuma lenye kifuniko, na chini yake kuna bamba linalosukumwa juu na mpini mrefu. Haina injini. Tanzania nayo ilianzisha kitengo cha utafiti wa ujenzi mjini Dar es Salaam mwaka 1971, na mwaka 2001 kazi hiyo ikachukuliwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi, ambao umeeneza mashine za mkono za kutengenezea matofali yanayofungamana, yaani yale yenye ndimi na mifuo ili kupunguza matumizi ya udongo wa kujengea.

Siri ya mashine hizo ni wenzo. Chukua mfano uliorahisishwa. Mpini una urefu wa sentimeta 150 kutoka kwenye egemeo, na mkono mfupi unaosukuma bamba una sentimeta 5. Mtu akisukuma mpini kwa kani ya niutoni 500, na tukiacha msuguano, kani inayofika kwenye bamba ni:

500 × 150 ÷ 5 = niutoni 15,000.

Tofali la mashine hiyo lina urefu wa sentimeta 29 na upana wa sentimeta 14, yaani eneo la sentimeta mraba 406. Kanieneo, yaani kani kwa kila eneo moja, ni 15,000 ÷ 406, takribani niutoni 37 kwa sentimeta mraba. Linganisha na mtu mwenye uzito wa niutoni 600 anayekanyaga udongo kwa nyayo mbili zenye jumla ya sentimeta mraba 300: kanieneo yake ni niutoni 2 tu. Wenzo umeizidisha mara 18.

Je, tumepata kitu bure? Hapana. Kwa kila sentimeta 1 ambayo bamba linapanda, mkono wa mfanyakazi hauna budi kusafiri sentimeta 30. Wenzo hautengenezi nishati. Hubadilisha mwendo mrefu na mwepesi kuwa mwendo mfupi wenye nguvu. Na mashine halisi ina werevu zaidi ya mfano wetu: jinsi mpini unavyokaribia mwisho wa mwendo wake, ndivyo mkono mfupi unavyozidi kuwa mfupi kwa vitendo, hata kani ikawa kubwa zaidi wakati uleule udongo unapokuwa mgumu zaidi kushindiliwa.

Ndani ya sanduku chembe za udongo hubanwa, hewa hutoka, na chembe ndogo huingia katika nafasi zilizo kati ya chembe kubwa. Ndiyo sababu tofali hilo laweza kubebwa kwa mikono mara linapotoka, ingawa bado halijakomaa.

Saruji haikauki, hukomaa

Watu wengi hudhani kwamba saruji huwa ngumu kwa kukauka. Dhana hiyo ni kinyume cha ukweli. Saruji huwa ngumu kwa kuungana na maji kikemia na kufanya fuwele ndogondogo zinazozishika chembe za mchanga. Maji yakikimbia kabla ya kazi hiyo kwisha, fuwele hazikamiliki na tofali hubaki dhaifu milele. Tofali lililoanikwa juani siku ya kwanza ni saruji iliyotupwa.

Kwa hiyo matofali yapangwe kivulini, yafunikwe kwa nyasi au majani, na yanyunyiziwe maji kwa siku zisizopungua 7. Yasitumike mpaka zitimie siku 28 hivi. Kwa upande mwingine, maji ya kuchanganyia yasizidi. Finyanga tonge la udongo kwa kiganja, liinue mpaka usawa wa bega, liachie lianguke. Likivunjika vipande vichache, maji yametosha. Likisambaratika kuwa vumbi, ongeza. Likibaki tonge, umezidisha.

Hesabu ya nyumba moja

Tuchukue nyumba yenye kuta za eneo la meta mraba 70, baada ya kutoa milango na madirisha. Tofali lina kimo cha sentimeta 9. Tukiongeza kiungo cha sentimeta 1, kila tofali huchukua nafasi ya sentimeta 30 kwa 10 ukutani, na meta mraba moja yahitaji matofali 33. Jumla ni matofali 2,310.

Kila tofali lina tungamo la kilogramu 7 hivi na huhitaji maji ya kuchanganyia lita 0.7. Hayo ni lita 1,617. Tukiweka lita 1 kwa kila tofali kwa ajili ya kunyunyizia, pamoja na maji ya udongo wa kujengea, tunafikia lita 4,500 hivi, nazo ni sawa na ndoo 225 za lita 20. Mama anayeweza kuleta ndoo moja ya ziada kwa siku, juu ya ile ya kupikia, angehitaji miezi zaidi ya saba kuyachota maji ya nyumba yake. Hapo ndipo mipango mingi ya nyumba bora hukwama kimya kimya: mashine imefika, saruji imefika, na gharama ya maji imetwikwa mtu ambaye hakuulizwa.

Saruji ya matofali hayo ni mifuko 21 ya kilogramu 50, tukikadiria mfuko mmoja kwa matofali 110. Ya msingi, sakafu na udongo wa kujengea ihesabiwe mbali. Zamani saruji ya kusini ililetwa kwa safari ndefu kutoka Wazo Hill, Dar es Salaam, ambako kiwanda kilianza kazi mwaka 1966. Tangu mwaka 2015 saruji hutengenezwa Mtwara kwenyewe.

Paa kwanza

Jibu la tatizo la maji limo katika ujenzi wa wenyeji wenyewe. Tumesema kwamba fundi wa nyumba ya miti huezeka kwanza, ndipo akakandika. Ni busara: paa humkinga yeye na udongo wake. Tukiufuata utaratibu huohuo kwa nyumba ya kudumu, yaani kusimika nguzo, kuezeka bati, na kuacha kuta kwa baadaye, mambo mengi hufunguka kwa mara moja.

Chukulia bati lililofunika eneo la meta 9 kwa 7, yaani meta mraba 63 zikipimwa chini. Mvua ya milimita 1 ikiangukia meta mraba 1 ni lita 1. Kwa hiyo mvua ya milimita 10, ambayo ni ya kawaida katika masika, huleta lita 630. Tukitoa sehemu ya tano kwa yanayorukia pembeni na kupotea, tunabaki na lita 504. Sasa angalia: kundi la wafanyakazi wanne au watano waliozoea laweza kutengeneza matofali 300 kwa siku, na matofali hayo huhitaji maji ya kuchanganyia lita 210, yaani pipa moja la kawaida na kidogo. Mvua moja ya wastani yatosha kwa kazi ya siku mbili. Mapipa matatu chini ya mfereji wa bati yatosha kuanzia.

Faida haziishii hapo. Chini ya paa pana kivuli, kwa hiyo matofali hukomaa vizuri. Hewa ya masika ina unyevu, kwa hiyo maji ya kunyunyizia hupungua. Tena majira ya fedha yanaafikiana na mpango huu: korosho huvunwa na kuuzwa hasa kati ya Oktoba na Januari, wakati mvua zinapoanza, na bati likinunuliwa wakati huo hudaka mvua za msimu uleule. Kazi ya kupalilia isiingiliwe. Wakati ufaao wa kushindilia matofali ni kati ya Machi na Mei, palizi inapokuwa imepungua na mvua bado hazijaisha.

Nguzo zinazobeba paa zahitaji hadhari. Mafuta ya maganda ya korosho husaidia kuzuia mchwa, lakini yanaunguza ngozi, kwa hiyo yashikwe kwa uangalifu. Ukuta utakapofika juu, ukutane na boriti na kubeba uzito wa paa, ili nguzo zikizeeka nyumba isiyumbe. Msingi uinuliwe sentimeta 30 au zaidi juu ya ardhi, na paa litokeze nje ya ukuta sentimeta 60, kwani tofali la udongo na saruji halipendi kupigwa na mvua mwaka hata mwaka. Bati lina joto. Mapengo ya kupitisha hewa chini ya paa na dari ya mikeka hupunguza adha hiyo.

Tangi la kiangazi

Kuta zikiisha, maji ya paa yanakuwa huru kwa matumizi ya nyumbani. Kwa mwaka paa letu hukusanya 63 × 1,000 × 0.8, yaani lita 50,400. Kiangazi tukihesabu siku 200, familia ya watu sita inayotumia lita 15 kwa kila mtu itahitaji lita 18,000. Hilo ni tangi la duara lenye kipenyo cha meta 3 na kimo cha meta 2.55.

Tangi hilo lina gharama. Lakini familia isiyoliweza isikate tamaa. Maji ya kunywa na kupikia peke yake, lita 5 kwa mtu, ni lita 6,000 tu kwa siku 200, na tangi dogo la kiasi hicho hujazwa na milimita 120 za mwisho wa masika. Afadhali tangi dogo lililojaa kuliko kubwa lililobaki mchorani. Maji ya dakika za kwanza za kila mvua yamwagwe, kwa kuwa huosha vumbi na kinyesi cha ndege batini; na tangi lifunikwe, lisiwe maskani ya mbu.

Mashine ni ya nani?

Limebaki swali moja ambalo fizikia pekee hailijibu. Nyumba moja huihitaji mashine kwa siku nane hivi. Mwenye nyumba mmoja akiinunua, itakaa bure miaka mingi ikishika kutu. Kaya kumi zikiinunua kwa ubia, itafanya kazi siku 80, na gharama ya kila kaya ni sehemu ya kumi. Lakini siku 80 hazienei katika masika moja. Basi kaya zipange zamu kwa misimu miwili au mitatu, na zikubaliane mapema nani atatangulia, nani atatunza mashine, na fedha za ukarabati zitatoka wapi. Mpini ukipinda, fundi wa kuchomelea wa Masasi au Newala aweze kuunyoosha. Mashine ambayo kipuri chake chatoka ng'ambo inahitaji mawazo ya pili.

Tena watakaoikaa nyumba wapewe sauti. Katika miaka ya 1940 mbunifu wa Misri, Hassan Fathy, alijenga kijiji cha Gourna Mpya karibu na Luxor kwa matofali ya udongo, kwa ustadi uliosifiwa duniani kote. Wengi wa wanakijiji waliokusudiwa hawakutaka kuhamia huko, kwani makazi yao ya zamani ndiyo yaliyokuwa na riziki yao. Ukuta ulikuwa mzuri; swali lililowahusu wenyewe halikumalizwa.

Hitimisho

Tuliuliza iwapo mashine zinaweza kusaidia kuondoa umaskini na kuleta makazi bora. Mfano wa Masasi na Newala unajibu kwamba zinaweza, kwa masharti matatu: udongo na mvua vipimwe kabla ya chuma kununuliwa; kazi ya mashine iunganishwe na maarifa ya wenyeji, kama utaratibu wa kuezeka kwanza; na gharama zote zihesabiwe, hata zile zinazobebwa kichwani na hazina risiti. Shule yenye chupa, rula, kisanduku cha mbao na kipimamvua inaweza kuanza uchunguzi huo masika hii, na matokeo yake yatakifaa kijiji kizima.

Maswali na mazoezi

1. Mashine ya matofali ina mpini wa sentimeta 180 na mkono mfupi wa sentimeta 6. Mfanyakazi anasukuma kwa kani ya niutoni 450. Tafuta kani na kanieneo juu ya tofali lenye eneo la sentimeta mraba 406. Ni mambo gani yatafanya jibu halisi litofautiane na lako?

2. Paa la zahanati hufunika meta 10 kwa 8. Mvua ya mwaka ni milimita 900, na sehemu ya tano hupotea. Ni lita ngapi zinaweza kukusanywa?

3. Kokotoa nishati ya kuinua lita 1,000 za maji kwa kimo cha meta 300. Eleza kwa nini maji ya mvua hayahitaji gharama hiyo.

4. Kusanyeni udongo kutoka mahali pane karibu na shule: shambani, kichuguuni, bondeni na njiani. Fanyeni jaribio la chupa na la kusinyaa, kisha pendekezeni mchanganyiko wa kutengenezea matofali.

5. Tengenezeni matofali mawili yaliyo sawa. Moja likaushwe juani. Jingine litunzwe kivulini likinyunyiziwa kwa siku 7. Baada ya siku 28 yalowekeni majini siku moja, kisha linganisheni ugumu wake. Elezeni tofauti kwa njia ya kemia.

6. Mjadala: Kijiji kina fedha za kununulia ama pampu moja ya dizeli, ama mabati ya nyumba kadhaa pamoja na mashine moja ya matofali. Kipi kitangulie? Kila upande utoe hesabu, si maneno matupu.